Kuunganisha Ndege katika Safari za Nje: Mwongozo kwa Msafiri Anayeanzia Simiyu

Bariadi. Mwananchi wa Lingeka, mkoani Simiyu, anayekwenda nje ya nchi kwa masomo, matibabu, biashara au ibada, kwa kawaida huunganisha vyombo vya usafiri visivyopungua vinne kabla ya kufika aendako: gari hadi Mwanza, ndege ya ndani hadi Dar es Salaam, ndege ya kimataifa hadi mji wa mapito kama Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na ndege nyingine kutoka hapo. Chombo kimoja kikichelewa, vinavyofuata huwa hatarini.

Wananchi wengi wanapokwenda kwa wakala wa tiketi huuliza mambo mawili, bei na tarehe. Yapo maswali mengine ambayo hayaulizwi, na moja kati ya hayo ndilo linaloamua hasara itabebwa na nani pale ndege moja inapokosa nyingine: je, safari yote ya angani imo katika tiketi moja, au imekatwa vipande vipande?

Tiketi moja na tiketi mbili

Safari inapouzwa kwa tiketi moja kutoka Mwanza hadi mji wa mwisho, mashirika yanayohusika huihesabu kuwa mkataba mmoja, hata kama ndege ni za mashirika mawili au matatu yenye makubaliano ya kubadilishana abiria. Ndege ya Mwanza ikichelewa na abiria akaikosa ya kimataifa, ni wajibu wa shirika kumtafutia ndege inayofuata bila kumdai nauli mpya. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake, nao unatambua kwamba usafirishaji unaofanywa na mashirika kadhaa kwa kupokezana ni safari moja iwapo pande zote ziliuchukulia hivyo tangu mwanzo.

Hali ni tofauti kwa aliyenunua tiketi ya Mwanza–Dar es Salaam kwa shirika moja na ya kimataifa kwa shirika jingine, kila moja peke yake. Shirika la kimataifa halina habari na ndege ya Mwanza. Abiria asipotokea kwenye meza ya uandikishaji kabla haijafungwa, huandikwa kuwa hakufika, na kwa masharti ya tiketi nyingi vipande vyote vinavyofuata hufutwa, kikiwamo cha kurudi. Nafuu ya makumi ya maelfu ya shilingi iliyopatikana kwa kununua tiketi mbili huweza kugeuka hasara ya mamilioni usiku mmoja.

Karatasi ya ratiba inayotolewa na wakala haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa wakala anaweza kupanga tiketi mbili katika karatasi moja na ikaonekana safari moja. Kinachopaswa kuangaliwa ni namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13. Ikiwa kila kipande cha safari kina namba ileile, au namba zinazofuatana kwa safari yenye vipande zaidi ya vinne, tiketi ni moja. Zikiwa namba mbili zisizohusiana, msafiri aelewe kwamba yeye ndiye mdhamini wa muungano huo, na ajipangie muda kwa kadiri hiyo.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Aliyenunua tiketi moja inayoanzia Mwanza, kisha akaamua kwenda Dar es Salaam kwa basi ili awasalimie ndugu njiani, hudhani ameacha tu kutumia alichokilipia. Kumbe kuacha kipande cha kwanza hufuta vilivyobaki, naye hufika Dar es Salaam na kuelezwa kwamba nafasi yake haipo tena. Mabadiliko ya namna hiyo hayana budi kuombwa kwa shirika au kwa wakala kabla ya siku ya safari.

Kutoka Lingeka hadi Dar es Salaam

Muungano wa kwanza ni wa barabarani, na hakuna tiketi ya ndege inayoulinda. Barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi imerahisisha safari za mkoa huu. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni takribani kilomita 70, na hapo gari huingia barabara kuu ya Musoma na Mwanza na kupita Magu. Kwa mkazi wa kijijini sehemu ngumu ni ile iliyo kabla ya lami. Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa usiku mmoja huweza kulikwamisha gari hadi jua litoke, na mwenye ndege ya asubuhi Mwanza hawezi kungojea jua litoke.

Aidha, mabasi ya upande huu humshusha abiria stendi ya Nyamhongolo, mashariki mwa jiji la Mwanza, ilhali kiwanja cha ndege kipo kaskazini, katika Manispaa ya Ilemela. Bado kuna safari ya teksi au bajaji katikati ya msongamano. Ushauri wa kiutendaji ni kulala Mwanza usiku wa kuamkia siku ya ndege. Gharama ya nyumba ya wageni ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya tiketi mpya.

Dar es Salaam kunahitaji nafasi kubwa zaidi. Jengo la Tatu la abiria katika Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere (JNIA), lililozinduliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, ndilo linalotumiwa na ndege za kimataifa. Jengo la Pili ni jengo tofauti. Jengo ambalo ndege ya kutoka Mwanza itashushia abiria lithibitishwe kwenye tiketi au kwa shirika husika, kwani mwenye tiketi mbili atachukua mizigo yake, atatoka nje, ataingia jengo la pili na kuanza uandikishaji upya. Uandikishaji wa ndege za kimataifa kwa kawaida hufungwa saa moja kabla ya ndege kuondoka, na mashirika hushauri abiria awepo saa tatu kabla. Kwa mwenye tiketi mbili, ndege ya asubuhi kutoka Mwanza kwa safari ya usiku wa siku hiyohiyo si tahadhari iliyozidi. Ndege ya mwisho ya jioni haifai, kwa sababu ikifutwa hakuna nyingine nyuma yake.

Baadhi ya wakazi wa Kanda ya Ziwa huchagua kwenda Nairobi kwa basi kupitia mpaka wa Sirari, na kupandia ndege Kiwanja cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta. Njia hiyo ni halali na mara nyingine ina nauli nafuu, lakini foleni ya mpakani haina ratiba. Anayeichagua atenge siku nzima kati ya basi na ndege.

Saa iliyo kwenye tiketi

Tiketi za ndege huandikwa kwa saa 24 na kwa saa za mji ambao ndege inaondoka au inatua. Msomaji wa saa za Kiswahili anapaswa kuzibadilisha kwa makini. Tuchukue tiketi iliyoandikwa 00:40, tarehe 15 Septemba. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 15. Abiria anatakiwa awe kiwanjani saa tatu na dakika arobaini usiku wa tarehe 14, na atakuwa ameondoka Lingeka si baadaye ya tarehe 13. Akiusoma usiku huo kuwa ni wa tarehe 15, atafika kiwanjani ndege yake ikiwa imeondoka saa 21 zilizopita. Makosa ya aina hii hutokea zaidi kwenye ndege za kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri, na ndege nyingi za kimataifa kutoka Dar es Salaam huondoka katika saa hizo.

Addis Ababa, Nairobi, Doha na Istanbul hutumia majira sawa na Tanzania, hivyo saa ya mkononi haibadilishwi. Dubai na Muscat wapo mbele kwa saa moja. Amsterdam wapo nyuma kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwa kuwa nchi za Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wenyeji wa Ethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko kama tufanyavyo sisi, jambo linalomfurahisha Mswahili akizungumza nao. Hata hivyo mbao za matangazo kiwanjani Bole hufuata saa za kimataifa, nazo ndizo za kufuatwa. Alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika ina maana ya siku inayofuata.

Muda wa kutosha katika mji wa mapito

Kila kiwanja kina muda wa chini wa kuunganisha, uliokubaliwa na mashirika, na mfumo wa mauzo haukubali kuuza tiketi moja yenye muda pungufu ya huo. Muda huo ni kikomo cha chini. Umepangwa kwa mtu anayetembea kwa kasi, asiye na mtoto mgongoni, anayesoma mabango bila kusita, na ambaye ndege yake ya kwanza imetua kwa wakati. Mzee anayekwenda India kwa matibabu hayumo katika hesabu hiyo. Kwa msafiri wa mara ya kwanza, saa mbili hadi nne katika kiwanja kikubwa ni kiasi cha busara. Katika kiwanja ambacho ukaguzi wa uhamiaji hufanyika njiani, saa tatu au zaidi.

Huduma ya kiti cha magurudumu hutolewa na shirika, na huombwa wakati wa kununua tiketi au angalau siku mbili kabla. Mhudumu wa kiti hicho pia humwongoza abiria hadi geti la ndege inayofuata, msaada wenye thamani kubwa kwa asiyesoma lugha za kigeni.

Muda wa mapito ukiwa mrefu, baadhi ya mashirika hutoa hoteli na chakula kwa abiria wa tiketi moja pale ambapo hayana ndege ya karibu zaidi. Masharti hutofautiana, na huduma hiyo aghalabu hutakiwa kuombwa mapema; anayefika usiku na kuanza kuuliza ndipo huambiwa nafasi zimekwisha.

Viza ya nchi usiyokwenda

Hapa ndipo safari nyingi hukwama, kwa sababu msafiri huona haja ya viza ya nchi anayokwenda tu. Marekani haina utaratibu wa abiria wa kigeni kupita kiwanjani bila kuingia nchini: yeyote anayetua humo, hata kama anaendelea kwenda nchi nyingine baada ya saa mbili, hupita uhamiaji na lazima awe na viza, ya mapito au nyingine inayofaa. Kwa Uingereza, Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake huhitaji viza ya mapito ya kiwanjani hata wasipotoka nje ya eneo la abiria, isipokuwa wenye sifa za msamaha, kwa mfano baadhi ya walio na viza halali za nchi zilizotajwa na serikali hiyo.

Nchi za Schengen zina orodha ya pamoja ya mataifa 12 ambayo raia wake huhitaji viza ya mapito ya kiwanjani. Tanzania haimo; Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia na Somalia zimo, na nchi moja moja huweza kuongeza mataifa mengine. Hivyo Mtanzania anayepita Amsterdam kwenda Toronto bila kutoka eneo la kimataifa kwa kawaida hahitaji viza ya Schengen. Lakini akipita Amsterdam kwenda Berlin, atakaguliwa uhamiaji Amsterdam, maana hapo ndipo anapoingia Schengen. Vilevile mwenye tiketi mbili ambaye lazima atoke nje kuchukua begi na kuliandikisha upya ameingia nchini kisheria, na bila viza hataruhusiwa kupanda ndege tangu Dar es Salaam.

Sheria hizi hubadilika. Mahali pa kuzithibitisha ni ubalozi wa nchi husika au tovuti rasmi ya serikali yake, kabla ya kulipia tiketi. Pasipoti pia ikaguliwe mapema: nchi nyingi hudai iwe na uhai wa angalau miezi sita. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa Januari 2018, hudumu miaka kumi, na maombi huanzia kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Kwa wanaosafiri kwa ajira, hasa wanaokwenda nchi za Ghuba, pasipoti na nakala ya tiketi vikae mikononi mwa msafiri mwenyewe, wala si kwa wakala. Asiyejua ndege yake inayofuata ni ipi hawezi hata kuomba msaada kiwanjani.

Jambo moja la afya huhusu urefu wa mapito. Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyepita katika kiwanja cha nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Ethiopia, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi hizo. Mtu anayerudi nyumbani kupitia Addis Ababa kwa saa tatu na anayerudi kwa saa kumi na nne hawako katika hali moja. Cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote.

Mizigo

Wakati wa kuandikisha begi, abiria asome herufi tatu zilizo kwenye kibandiko chake. Zikiwa za mji wa mwisho, begi litahamishwa na shirika. Zikiwa DAR au za mji wa mapito, atalichukua mwenyewe huko. Marekani ni tofauti tena: kwa kawaida begi huchukuliwa katika kiwanja cha kwanza cha kuingilia na kukabidhiwa upya hata kama kibandiko kinataja mji wa mbali zaidi.

Mwenye tiketi mbili azingatie pia uzito. Ndege ya kimataifa huweza kuruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja na ya ndani ikaruhusu moja tu, na la pili likalipiwa Mwanza kabla safari haijaanza.

Kwenye mapito kuna ukaguzi wa pili wa mizigo ya mkononi. Vimiminika vinavyozidi mililita 100 huzuiwa katika viwanja vingi, na asali na samli huhesabiwa humo. Zawadi hizo zifungwe kwenye begi la kukabidhi, baada ya kuhakikisha nchi inayopokea inaziruhusu. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala bidhaa za maziwa. Michembe mikavu haijawahi kumwagikia nguo za mtu. Dawa za mgonjwa, vyeti vya masomo, chaja na nguo za kubadili vikae mkononi daima.

Ndege inapokosekana

Miji ya mapito hutikisika, mikubwa kwa midogo. Aprili 2024 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilifurika kiwanja cha Dubai, na Emirates ikasimamisha kwa muda uandikishaji wa abiria wa kuunganisha. Septemba 2024 mgomo wa wafanyakazi wa viwanja vya ndege Kenya uliwakwamisha abiria Nairobi. Juni 2025 Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na maelfu ya wasafiri wa Doha wakavurugikiwa ratiba. Katika matukio ya namna hii mwenye tiketi moja hupanga foleni ndefu, lakini mwishoni mwake kuna anayewajibika kumsikiliza.

Anayekosa ndege aende moja kwa moja kwenye dawati la abiria wa kuunganisha la shirika lililomleta, asitoke nje ya eneo hilo, na asinunue tiketi mpya kabla ya kupata jibu. Aombe maelezo ya kuchelewa kwa maandishi, atunze kadi za kupandia ndege na risiti za chakula na malazi. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria aliyefika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa tatu au zaidi fidia inayofika euro 600 kwa safari ndefu, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Inahusu ndege zinazoondoka Ulaya, na pia zinazokwenda Ulaya kwa mashirika ya Ulaya, kama KLM kutoka Dar es Salaam. Mahakama ya umoja huo iliamua mwaka 2013 kwamba kwa safari ya kuunganisha, kinachohesabiwa ni kuchelewa kufika mwisho wa safari.

Bima ya safari inayodaiwa kwa viza ya Schengen, yenye kinga isiyopungua euro 30,000, ni ya matibabu na kurejeshwa nyumbani. Si kila bima ya aina hiyo hulipa ndege iliyokosekana, hivyo sharti hilo lisomwe kwenye mkataba.

Safari ya kurudi

Anayerudi hukamilisha uhamiaji na forodha Dar es Salaam, na kwa kawaida huchukua mizigo hapo hata kama anaendelea Mwanza. Atenge saa zisizopungua nne kati ya kutua na ndege ya ndani, na asikubali ratiba inayomfikisha Mwanza usiku bila mahali pa kulala.

Begi lisipoonekana, taarifa iandikwe kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka kiwanjani, na namba ya taarifa ichukuliwe. Kwa Mkataba wa Montreal, malalamiko ya begi lililoharibika hutolewa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu lilipokabidhiwa. Lisipofika ndani ya siku 21, abiria anaweza kudai kama lililopotea. Kikomo cha fidia tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Shirika lisipojibu, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), yakiambatanishwa na nakala ya tiketi, kibandiko cha begi na taarifa iliyoandikwa kiwanjani.